Nguo Inayotaka Kungojewa

Tangu mashine ya kufulia ilipoingia nyumbani kwetu Kilimani, familia iligawanyika kambi mbili. Kambi ya mzunguko mfupi iliongozwa na binti yetu, anayesomea kemia Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Chiromo. Kambi ya mzunguko mrefu iliongozwa na baba yake. Mfupi ulichukua dakika 15, mrefu saa mbili na nusu, na mbali na hiyo miwili kulikuwa na programu kadhaa ambazo hakuna aliyezigusa. Mimi nilibaki katikati, kwa kuwa ndimi ninayenunua tokeni za stima na ndimi ninayeulizwa kila alfajiri shati liko wapi.

Asiyeishi Nairobi huenda akashangaa watu wazima kugombania muda wa kufua. Lakini Kilimani ya leo si ile ya bangalo na bustani, ambako kamba ya nguo ilifungwa kutoka mti hadi mti. Kuanzia Kindaruma hadi Lenana Road, nyumba moja baada ya nyingine imebomolewa na mahali pake pakasimama ghorofa. Sisi tunakaa ghorofa ya nane ya jumba mojawapo, nyuma ya Argwings Kodhek, na kamba yetu ya kuanikia ni mita chache za roshani. Maji hupandishwa na pampu hadi kwenye matangi ya juu ya paa, na pampu hiyo hutumia stima. Kwa hiyo kila tunapofua tunahitaji vitu vitatu vikutane: maji, stima na jua. Muda wa mashine ndio unaoamua kama vitakutana au vitapishana.

Mume wangu ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa. Amelelewa na mama aliyechemsha mashuka meupe katika sufuria kubwa uani, na imani yake ni kwamba nguo haitakati bila kukaa ndani ya maji moto. Binti yetu naye hushikilia kwamba watu wa mjini hatuchafuki tena. Tunaketi ofisini, tunaketi kwenye matatu, tunaketi darasani. Kinachotupata ni jasho na vumbi, navyo huondoka upesi. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli, na kuviunganisha vipande hivyo kulitugharimu taulo, kanzu na usingizi wa Jumapili.

Taulo za Julai

Mkazi wa Nairobi anaijua Julai. Jua hujificha nyuma ya mawingu, baridi huingia hadi makabatini, na nguo iliyoanikwa roshani asubuhi huguswa jioni ikiwa bado ina unyevu kwenye mishono. Huo ndio mwezi kambi ya mzunguko mfupi ilipotawala nyumba. Binti alirudi kutoka Chiromo akiwa na haraka ya kusoma kwa ajili ya mtihani. Akajaza pipa la mashine hadi mlango ukafungwa kwa kusukumwa na goti: taulo, jezi ya kandanda ya kaka yake, suruali za jinzi, soksi, foronya. Akamwaga sabuni ya unga kikombe kizima, akabonyeza dakika 15. Chai yake haijapoa, mashine ikalia kwamba imemaliza.

Kwa macho, nguo zilikuwa safi. Ila suruali nyeusi zilitoka na michirizi myeupe ya sabuni ambayo haikupata nafasi ya kuyeyuka, na taulo zilikaa roshani siku mbili kabla hazijaanza kukauka. Wiki hiyo hiyo mama mkwe akaja kutoka Mombasa kwa gari moshi, kumwona daktari wa macho. Tulimpokea, tukamwamkia, akaoga kutoa uchovu wa safari. Alipotoka bafuni alikuwa ameishika taulo kwa ncha za vidole.

"Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya upole, "taulo hini haikufuliwa. Imepitishwa maji tu."

Mke yeyote aliyewahi kumkaribisha mama mkwe anajua uzito wa maneno hayo. Nikaipokea taulo, nikaiweka puani. Haikunuka jasho wala uchafu. Ilinuka uvundo, ile harufu inayolala nguo ikiwa kavu na kuamka mara tu inapogusa ngozi iliyolowa.

Binti hakukasirika. Alilichukua jambo lile kama swali la mtihani, na jioni akatuletea jibu mezani. Watafiti wa Japani walieleza mwaka 2012 kwamba harufu ya uvundo kwenye nguo zilizofuliwa husababishwa hasa na bakteria aitwaye Moraxella osloensis. Bakteria huyo huishi kwenye nyuzi, hustahimili ukavu, na hula mafuta ya ngozi na jasho vinavyobaki baada ya kufua. Nguo ikichelewa kukauka, huzaana. Hivyo Julai haikuileta harufu ile. Iliipa tu muda wa kukua. Chakula cha bakteria kilikuwa kimeachwa ndani ya taulo na zile dakika 15.

Tukafungua kitabu cha maelezo ya mashine, ambacho kilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki. Mashine yetu hubeba kilo 7, lakini kitabu kinasema mzunguko wa dakika 15 ni wa kilo 2 za nguo zilizochafuka kidogo. Sababu yake inaonekana kwenye kioo cha mlango. Mashine inayofunguka mbele hufua kwa kuinua nguo na kuziangusha ndani ya maji machache. Anguko hilo ndilo mkono wake wa kufikichia. Pipa likishindiliwa, hakuna kinachoanguka. Nguo huzunguka pamoja kama donge la ugali na maji hayafiki katikati.

Kisha kuna sabuni yenyewe. Sabuni nyingi za unga za siku hizi zina vimeng'enya, chembe zinazokatakata uchafu wa protini kama damu, maziwa na jasho, na nyingine za kukata mafuta na wanga. Mjerumani Otto Röhm ndiye aliyepata hataza ya kutumia vimeng'enya katika kufua, mwaka 1913. Kazi yao huhitaji muda, na maji yakiwa vuguvugu huenda vizuri zaidi. Ukivipa maji baridi na dakika chache, huondoka na maji machafu kabla havijaanza kazi vizuri. Binti mwenyewe ndiye aliyetueleza hayo, kitabu kikiwa wazi mbele yake, na baba yake akashika usukani wa mashine tangu usiku huo.

Kanzu ya Ijumaa

Sheria ya mume wangu ilikuwa moja: kila kitu, nyuzi 60, saa mbili na nusu. Lazima nikiri kwamba taulo zilipona. Zilitoka zikiwa hazina harufu yoyote, hata ya sabuni, na mama mkwe akazikunja mwenyewe kwa furaha. Mashuka yalikuwa kama mapya. Kwa muda mfupi nyumba ilitulia, na kila mtu aliamini kesi imekwisha.

Mama mkwe alikuwa amekuja na jozi ya leso mpya aliyoinunua Biashara Street, Mombasa, kwenye yale maduka ambako wanawake wa pwani wamechagua leso kwa vizazi. Ilikuwa nyekundu iliyoiva, yenye pindo nyeusi. Leso mpya kwake hufuliwa peke yake, kwa maji baridi, mara kadhaa, hadi maji yatoke meupe. Aliivaa jikoni, akaiweka juu ya tenga la nguo akingoja beseni liwe tupu. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa ametumwa kuijaza mashine ili stima isiliwe bure na nguo chache, alilibeba tenga zima. Ndani yake mlikuwa na kanzu nyeupe ya baba yake ya Ijumaa, fulana, foronya na mashati mawili ya ofisini.

Saa mbili na nusu baadaye mlango ulifunguliwa na hakuna aliyesema neno. Kanzu ilikuwa ya waridi kuanzia kola hadi upindo, sawasawa, kana kwamba imetiwa rangi na fundi. Foronya zilikuwa na mabaka. Mama mkwe aliinyoosha leso yake juu ya meza, akaupapasa mstari wa maandishi, jina la leso, kwa kidole.

"Jina limesalia," akasema. "Rangi ndiyo imehamia kwa mwanangu."

Mume wangu aliswali Ijumaa hiyo Msikiti wa Jamia akiwa amevaa shati la ofisini. Kanzu tuliiloweka kwa Jik, dawa ya kung'arisha nguo; waridi likafifia lakini weupe haukurudi.

Safari hii ushahidi ulikuwa upande wa kambi ya mfupi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, pamoja na wanasayansi wa kampuni ya Procter & Gamble, walichapisha matokeo ya kulinganisha mizunguko miwili: mmoja wa dakika 30 kwa nyuzi 25, mwingine wa dakika 85 kwa nyuzi 40. Ule mfupi wa maji baridi ulihifadhi rangi zaidi, rangi chache zikahamia kwenye nguo nyingine, na nyuzi ndogondogo zilizong'oka zilikuwa chache. Muda na joto havina macho ya kuchagua. Nguvu inayobandua mafuta kwenye shuka ndiyo inayobandua rangi kwenye leso.

Zile nyuzi ndogo nazo zilimgusa mama mkwe kuliko nilivyotarajia. Binti alimweleza kwamba nguo za nailoni na poliesta zinapofuliwa hutoa vinyweleo vya plastiki visivyoonekana, na maji yenye vinyweleo hivyo hushuka na majitaka ya jiji hadi Ruai, yakasafishwa na kuingia Mto Nairobi. Mto Nairobi huungana na Athi, na Athi ukifika pwani huitwa Sabaki, unaoingia baharini kaskazini mwa Malindi. Baadhi ya vinyweleo hukamatwa njiani, vingine huendelea na safari. "Kumbe mnatuletea sisi," mama mkwe akasema, na tangu hapo akawa mtetezi mkubwa wa kutofua nguo iliyo safi. Nguo iliyovaliwa saa mbili kwenda dukani, kwake hupepewa roshani na kurudi kabatini.

Jumapili usiku

Baada ya kanzu, tulikubaliana kutenganisha rangi. Hatukukubaliana kuhusu muda. Mume wangu bado aliamini sare za shule zinastahili mzunguko mrefu, kwa kuwa kitinda mimba wetu huja na tope la uwanja na wino kwenye mikono ya shati. Jumapili moja, magharibi, akaweka sare zote za wiki na kuanzisha saa mbili na nusu.

Saa hiyo ilikuwa mbaya kwa maji. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Jiji limekua kuliko mabomba yake. Mwanzoni mwa 2017, kiwango cha bwawa kiliposhuka, mgao wa maji ulianza, na tangu hapo wakazi wamezoea kupanga wiki yao kwa siku za maji. Majumba mengi ya Kilimani huongezea kwa visima virefu na kwa maboza ya maji. Lakini yote hayo huishia kwenye tangi la chini, na kutoka tangi la chini hadi bomba la ghorofa ya nane kuna pampu tu. Jumapili jioni jumba zima linapika, linaoga na kufua kwa pamoja.

Mashine ilikuwa imefika katikati ya safari yake stima ilipopotea mtaa mzima. Pipa likasimama likiwa limejaa maji na povu, mlango ukiwa umejifunga. Nyuma ya kioo kile, kwa mwanga wa simu, tuliona kola nyeupe ya shati imebanwa kwenye raba ya mlango. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi basi la shule lingekuwa getini.

Kwa faida ya wasomaji wenye mashine kama yetu, nieleze kilichofuata. Chini ya mashine, upande wa kulia, kuna kifuniko kidogo. Nyuma yake kuna mpira mwembamba wa kumwagia maji na kichungio kinachofunguliwa kwa kuzungushwa. Mume wangu alilala kifudifudi sakafuni, sinia la biriani likiwa chini ya mpira, kwa sababu hakuna ndoo inayoingia pale. Sinia likajaa, kijana akalimwaga chooni, likarudi. Maji yalikuwa ya kijivu, yenye mchanga. Maji yalipokwisha, alikizungusha kichungio na vikatoka kifungo cha shati, pini ya nywele, sarafu ya shilingi 20 na soksi ya mtoto iliyopotea zamani. Kufuli ya mlango hushikwa na stima. Stima ikikatika hupoa na kuachia yenyewe baada ya dakika chache. Tulisikia mlio mdogo, mlango ukafunguka.

Sare zilikuwa zimejaa sabuni na bomba lilikuwa kavu. Kijana na baba yake wakashuka ngazi hadi kwenye tangi la chini, lifti ikiwa imezima, wakapanda na mitungi ya lita 20. Mlinzi wa geti aliacha chakula chake akawasaidia mzigo wa pili. Mama mkwe alivuta kigoda bafuni, akakunja mikono ya dera lake, akasuuza shati moja baada ya jingine kwa maji matatu, akiyakamua kwa namna ambayo binti na mimi hatukuweza kuiga. Stima ilirudi karibu na alfajiri. Nikazikausha sare kwa pasi, na mtoto akapanda basi akiwa na sweta lenye unyevu kwenye vikono.

Asubuhi hiyo, mbele ya uji, mume wangu alisema jambo lililobadili mjadala. Alisema mzunguko mrefu unaomba maji na stima visikatike hadi mwisho, na sisi hatuna uwezo wa kuuhakikishia hilo Jumapili usiku. Kwa hiyo haitoshi kuuliza nguo inahitaji muda gani. Lazima uulize pia nyumba ina muda gani wa kutoa.

Hapo tukazungumzia tokeni pia, jambo lililokuwa likinikera kimyakimya. Wengi tunadhani mzunguko mrefu ndio unaokula stima zaidi. Binti alichukua karatasi akatupigia hesabu. Kupasha moto lita 15 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji takriban uniti 0.7. Kuyafikisha nyuzi 40 tu kunahitaji nusu yake. Kulizungusha pipa hutumia stima kidogo ukilinganisha na kupasha maji. Ndiyo maana mashine yetu ina programu ya eko inayochukua zaidi ya saa tatu na bado hutumia stima kidogo kuliko ile ya nyuzi 60: hupunguza joto na kufidia kwa muda. Umoja wa Ulaya, tangu 1 Machi 2021, unadai mashine za kufulia za majumbani zinazouzwa huko ziwe na programu ya namna hiyo, iitwayo eko 40-60. Kilichokuwa kikila tokeni zangu kilikuwa zile nyuzi 60 za kila siku, hata kwa shati lililovaliwa mara moja.

Jumamosi ya mama fua

Wakati wote huo kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuna aliyemuuliza. Kabla ya mashine, mama fua wetu alikuja mara mbili kwa wiki. Hutoka Kawangware kwa miguu, akafuata Gitanga Road hadi Valley Arcade, akaingia kwetu kabla jua halijapanda. Yeye ana wateja wa kudumu. Wenzake wengi hukaa kando ya barabara za Kilimani na Kileleshwa asubuhi, wakingoja mtu asimamishe gari na kuuliza nani anafua. Mashine ilipokuja tulimpunguzia siku, akabaki na pasi ya Jumamosi.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba aache pasi, anisaidie na tenga la nguo chafu. Nikakaa chini karibu naye nikatazama.

Hakuanza na maji. Alimimina nguo zote sakafuni mwa roshani, akazigawa kwa mikono miwili, upesi, bila kusita. Alitia kidole ndani ya kila kola akaisugua. Kola iliyoteleza iliwekwa upande. Aliinua kwapa la kila shati hadi puani. Alipekua mifuko, akatoa risiti, akatoa kalamu. Akazigeuza suruali nyeusi ndani nje. Vitambaa vya jikoni alivitenga na kila kitu, na leso ya mama mkwe akaipeleka kwenye beseni lake peke yake. Kisha akachukua sabuni ya kipande, akailowesha, akazipaka kola na vikono vya mashati, akaviacha hivyo, vimekunjwa vikitazamana.

"Hizi ni jasho tu," akasema akigusa rundo la nguo za ofisini. "Zipeleke hata hiyo yako fupi, lakini usizibane." Akagusa taulo na vitambaa vya jikoni. "Hizi zina mafuta. Nguo ya mafuta haitaki nguvu, mama. Inataka kungojewa."

Binti, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, akaniangalia. Alikuwa amesoma jambo hilo hilo kwa majina mengine. Mkemia Mjerumani Herbert Sinner, aliyefanya kazi katika kampuni ya Henkel, alieleza mwaka 1959 kwamba kila usafishaji una sehemu nne: dawa, joto, msuguano na muda. Alizichora kama mduara uliogawanywa. Ukipunguza sehemu moja, huna budi kuongeza nyingine ili mduara ukamilike. Mzunguko mfupi umekata muda. Basi lazima mtu alipie kwa kupaka sabuni kola mapema, au kwa kutia nguo chache ili zianguke vizuri. Eko imekata joto ikaongeza muda. Mama fua anayefua kwa maji baridi hana joto, kwa hiyo hulipia kwa kuloweka usiku kucha na kwa ngozi ya viganja vyake, ambayo sabuni imeibabua.

Hilo ndilo lililotuchelewesha kuelewa. Tulibishana kuhusu dakika kana kwamba zinasimama peke yake. Muda wa kufua hauwezi kufutwa kwa kubonyeza kitufe. Huhamishwa tu kutoka sehemu moja ya kazi hadi nyingine, na mara nyingi kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Dakika 15 za binti zilimfikia mama mkwe zikiwa uvundo. Saa mbili na nusu za mume wangu zilimfikia mlinzi zikiwa mitungi ya maji ngazini.

Sasa nyumba yetu inafua hivi. Nguo za ofisini na za chuo zilizovaliwa siku moja huenda mzunguko wa dakika 30, pipa likiwa nusu, sabuni ya unga vijiko vichache, kola zikiwa zimepakwa sabuni ya kipande mapema. Sare za shule hufuliwa hivyo hivyo katikati ya wiki, mchana, zisisubiri Jumapili. Taulo, mashuka, soksi na nguo za ndani huenda mzunguko mrefu Jumamosi asubuhi, matangi yakiwa yamejaa na jua likiwa mbele yetu. Akiwapo mgonjwa, mashuka yake huenda nyuzi 60. Vitambaa vya jikoni hulowekwa tangu usiku. Leso na kanga mpya hubaki kwenye beseni. Mara moja kwa mwezi mashine huzungushwa tupu kwa nyuzi 60, kwa kuwa maji baridi ya kila siku huacha utelezi kwenye raba ya mlango, na utelezi huo nao hunuka. Baada ya kila kufua mlango huachwa wazi. Maji ya mwisho ya kusuuza tunayakinga kwa ndoo, yakatumike chooni. Wakati wa baridi tunaongeza kasi ya kukamua, kwa sababu tone linalotolewa na mashine ni tone ambalo mawingu ya Julai hayatalazimika kulikausha.

Na anayechagua mzunguko ni yule anayezigawa nguo. Jumamosi ni mama fua. Tumemrudishia siku yake ya pili, na tumeacha kumlipa kwa wingi wa nguo, tunamlipa siku. Bei ya rundo ilikuwa na maana alipofua kila kitu kwa mkono. Mashine ikichukua kufikicha na kukamua, rundo linaonekana dogo, ilhali kutambua, kutenga, kupaka, kuloweka, kuanika na kupiga pasi bado ni kazi yake, na ndiyo kazi inayoamua kama nguo itatoka safi. Kwa jirani yeyote wa Kilimani anayefikiria kununua mashine na kumwambia mama fua asije tena, ombi langu ni hili: mwite kwanza Jumamosi moja, umwonyeshe vile vitufe, umweleze kila mzunguko una joto gani na muda gani. Kisha mwache akuambie yeye ni nguo zipi zipitie wapi, na umlipe kwa siku hiyo kama unavyomlipa fundi yeyote anayeijua kazi yake.